Rekombinesheni na mageuko ya virusi vya homa ya ini

Rekombinesheni (muungano upya wa jeni) ya virusi vya homa ya ini ni tukio ambamo virusi viwili vya jamii moja, lakini vya koo tofauti, vinaingia katika seli moja ya ini na kuzaa kirusi cha tatu chenye sehemu ya jenomu kutoka kwa kila mzazi. Kirusi kilichozaliwa kwa njia hiyo huitwa chotara. Pamoja na mutesheni, yaani makosa madogomadogo yanayotokea wakati wa kunakili jenomu, rekombinesheni ndiyo inayoleta tofauti mpya katika virusi hivi. Baada ya hapo uteuzi asilia na bahati ndivyo vinavyoamua ni tofauti zipi zitabaki na zipi zitapotea.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi ya kudumu ya homa ya ini aina ya B, na wengine milioni 50 aina ya C. Vifo vilivyotokana na homa za ini mwaka huo vilikadiriwa kuwa milioni 1.3, vingi vikisababishwa na sirosisi (ini kujaa makovu) na saratani ya ini. Kwa muda mrefu uchaguzi wa dawa ulitegemea kujua kirusi cha mgonjwa ni cha ukoo gani. Lakini chotara ana koo mbili kwa wakati mmoja. Kipimo kinachosoma kipande kimoja tu cha jenomu kinaweza kutoa jibu sahihi kuhusu kipande hicho, huku kikimpotosha daktari kuhusu kirusi kizima.

Virusi vitano visivyo ndugu

Herufi A, B, C, D na E zisimfanye msomaji adhani kwamba virusi hivi ni ndugu wa tumbo moja. Vimepewa jina la pamoja kwa sababu ya kiungo vinachokishambulia, si kwa sababu ya nasaba. Kirusi cha A ni jamaa wa kirusi cha polio. Kirusi cha C kimo katika familia moja na virusi vya dengi na vya homa ya manjano. (Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa unaoenezwa na mbu, ingawa watu wengi huuchanganya na homa ya ini kwa sababu magonjwa yote mawili huweza kugeuza macho kuwa ya manjano.) Kirusi cha E kina familia yake. Kirusi cha B ndicho pekee kati ya vitano chenye jenomu ya DNA. Vingine vyote hutumia RNA. Kirusi cha D ni kitu cha pekee: hakina koti lake chenyewe, bali huazima la kirusi cha B, kwa hiyo hakiwezi kuenea kwa mtu asiye na B.

Kutokana na hayo, mgonjwa mwenye B na C kwa pamoja hapati chotara wa B na C. Vimeng'enya vyao vya kunakili havisomi maandishi ya aina moja. Rekombinesheni hutokea ndani ya jamii moja: B wa ukoo huu na B wa ukoo ule, au C na C. Koo hizo huitwa jenotaipu, nazo hugawanyika katika matawi madogo zaidi.

Namna tofauti zinavyozaliwa

Kimeng'enya kinachonakili jenomu ya kirusi huitwa polimerasi. Polimerasi za virusi vya homa ya ini hazina uwezo wa kurudi nyuma na kusahihisha kilichokosewa, tofauti na zile zinazonakili DNA ya binadamu. Kirusi cha C kinaonyesha matokeo yake wazi kuliko vyote. Jenomu yake ina herufi za kikemia, yaani nukleotidi, takriban 9,600, na ndani ya mtu mmoja mwenye maambukizi ya kudumu huzaliwa virusi vipatavyo trilioni moja kila siku. Hata kama kosa ni moja tu kwa kila herufi elfu kadhaa kumi zinazonakiliwa, hesabu hiyo yatosha kwa kila badiliko la herufi moja linalowezekana kujitokeza mahali fulani ndani ya ini siku hiyohiyo. Mengi huzaa virusi visivyofaa kitu. Machache hupita. Ndiyo maana mgonjwa wa C hana kirusi kimoja kinachojirudia, bali kundi kubwa la virusi vinavyofanana bila kulingana kabisa, na mfumo wa kinga ya mwili ukimaliza kutengeneza kingamwili dhidi ya sura moja, sura nyingine iko tayari.

Rekombinesheni haibadilishi herufi moja moja, hubadilisha kurasa. Mfano ni karani anayenakili kitabu kirefu kwa mkono. Pembeni yake kuna kitabu kingine cha hadithi ileile, chenye maneno yanayotofautiana hapa na pale. Katikati ya kazi jicho lake linahamia kwenye kitabu cha pili, mahali penye sentensi inayofanana, naye anaendelea kuandika bila kujua. Nakala itakayopatikana ina mwanzo wa kitabu cha kwanza na mwisho wa cha pili. Polimerasi hufanya hivyohivyo: huachia uzi iliokuwa ikiusoma, ikiwa bado imeshika uzi mpya inaoutengeneza, na kudaka uzi wa kirusi cha pili. Mahali pa kuruka huwa mara nyingi ni pale ambapo nyuzi mbili zinafanana.

Ili jambo hilo lilete kirusi kipya duniani, ni lazima mtu mmoja awe na maambukizi ya koo mbili, virusi vya koo hizo viingie katika seli ileile kwa wakati uleule, polimerasi iruke mahali ambapo haiharibu jeni, na chotara aliyezaliwa aweze kushindana na wazazi wake ambao tayari wamejaa katika ini. Sharti hili la mwisho ndilo gumu zaidi. Protini za kirusi hufanya kazi kwa kushikana, na protini ya ukoo mmoja si lazima ishikane vizuri na ya ukoo mwingine. Chotara wengi hufa siku waliyozaliwa.

Kirusi cha B: jenomu fupi iliyobanwa

Kirusi cha B kiligunduliwa kupitia kazi ya Baruch Blumberg wa Marekani, aliyetangaza mwaka 1965 kuhusu protini ngeni katika damu ya Mwaustralia mmoja wa asili, ambayo baadaye ilijulikana kuwa protini ya koti la kirusi hiki. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Jenomu yake ni duara la DNA lenye nukleotidi karibu 3,200 tu, mojawapo ya fupi kuliko zote kati ya virusi vinavyomshambulia binadamu. Ina jeni nne, nazo zimelaliana: zaidi ya nusu ya jenomu husomwa mara mbili, kwa mipangilio miwili tofauti. Jeni la koti lote limo ndani ya jeni la polimerasi. Kubanana huku kunapunguza uhuru wa kubadilika, kwa sababu herufi moja ikibadilika inaweza kugusa protini mbili. Dawa ya lamivudini iliyoanza kutumika dhidi ya kirusi cha B mwishoni mwa miaka ya 1990 ilidhihirisha jambo hilo: virusi vilivyopata usugu kwa kubadilisha polimerasi vilijikuta vimebadilisha pia sehemu ya koti lao. Kwa upande wa chanjo, mwaka 1990 ilielezwa habari ya mtoto wa Italia aliyepata maambukizi ingawa alichanjwa, na kirusi chake kilikuwa na badiliko moja katika koti, mahali pale kingamwili zinaposhika. Hata hivyo virusi vya namna hiyo havijaenea na kuishinda chanjo. Chanjo ya B imeendelea kuwakinga watu dhidi ya jenotaipu zote.

Ingawa ni kirusi cha DNA, B hujinakili kwa njia ya mzunguko. Ndani ya kiini cha seli huweka duara la DNA lililofungwa kabisa, ambalo hubaki humo kwa miaka na ndilo linalofanya ugonjwa uwe mgumu kung'olewa. Kutokana na duara hilo hutengenezwa RNA, kisha polimerasi huigeuza RNA kuwa DNA tena. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, polimerasi huruka kutoka mahali hadi mahali kama sehemu ya kazi yake ya kawaida. Watafiti wengi huona kwamba mtindo huo wa kujinakili, pamoja na maduara ya koo mbili kukaa pamoja katika kiini kimoja, husaidia kueleza kwa nini chotara wa B ni wengi.

Na ni wengi kweli. Kirusi cha B kimegawanywa katika jenotaipu tisa, A hadi I, na ya kumi, J, iliyopatikana kwa mgonjwa mmoja wa Japani. Mpaka kati ya jenotaipu na jenotaipu ni tofauti ya takriban asilimia 8 ya jenomu nzima. Jenotaipu B ya Asia ina makundi mawili: lile la Japani, ambalo ni B mwanzo hadi mwisho, na lile lililoenea katika sehemu kubwa ya Asia, ambalo lina kipande cha jenotaipu C katika eneo la jeni la kiini cha kirusi. Chotara huyo si kisa cha mgonjwa mmoja wa ajabu. Ndiye kirusi cha kawaida cha mamilioni ya watu. Huko Tibet na magharibi mwa China kuna chotara wa C na D aliyeenea vilevile. Jenotaipu I, iliyoelezwa kutoka Vietnam na Laos, yenyewe ina sehemu zinazofanana na A, C na G, na wataalamu walibishana kama inastahili kupewa herufi yake au iitwe chotara tu. Ubishi huo unaonyesha ugumu wa kupanga vitu vinavyochanganyika: chotara akikaa muda mrefu na kupata watoto wengi, huwa ukoo.

Afrika ina mgawanyo wake. Jenotaipu A, hasa tawi la A1, ndiyo inayoonekana sana mashariki na kusini mwa bara. D huonekana zaidi kaskazini, nayo imepatikana pia Kenya na Sudan. E imetawala magharibi na sehemu za Afrika ya Kati. Jenotaipu E inashangaza kwa kuwa virusi vyake vinafanana mno licha ya kuenea katika eneo kubwa. Kufanana huko ni dalili kwamba ilienea karibuni. Tena ni nadra kwa watu wa Amerika ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi, jambo linaloleta dhana kwamba wakati wa biashara ya utumwa ilikuwa bado haijasambaa.

Ukoo wa kirusi huweza hata kuamua ni badiliko gani litawezekana baadaye. Kuna badiliko la herufi moja linalokifanya kirusi cha B kiache kutoa protini iitwayo HBeAg, ambayo hupimwa hospitalini kama ishara kwamba kirusi kinazaliana kwa kasi. Mgonjwa mwenye kirusi kilichobadilika hivyo anaweza kuonekana ametulia kwa kipimo hicho ilhali virusi vimejaa katika damu. Badiliko hilo ni la kawaida katika jenotaipu D lakini ni nadra katika jenotaipu A. Sababu ni ya kimaumbo: herufi inayohusika hukaa katika mkunjo wa RNA, ikiwa imeshikana na herufi nyingine ng'ambo ya mkunjo. Katika A, herufi hiyo ya ng'ambo ni tofauti, na badiliko lingeuvunja mkunjo ambao kirusi kinauhitaji ili kujinakili.

Ushahidi kutoka mifupa ya kale

Kirusi cha B kina bahati ambayo virusi vingine vya homa ya ini havina: DNA yake hudumu katika mifupa na meno. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti yalichapisha jenomu za kirusi hiki zilizotolewa katika mabaki ya watu wa Ulaya na Asia waliokufa maelfu ya miaka iliyopita, baadhi wakiwa wa miaka 7,000 hivi nyuma. Mwaka 2021 ukafuata utafiti mkubwa zaidi wenye jenomu 137, za kale kabisa zikiwa na umri wa miaka karibu 10,500.

Matokeo yake yaligeuza mambo kadhaa. Kwanza, ilionekana kwamba jenotaipu A yenyewe, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ukoo safi, yaelekea ilitokana na rekombinesheni ya kale. Pili, wakulima wa kwanza wa Ulaya walikuwa na ukoo wa kirusi uliotawala kwa maelfu ya miaka, kisha ukatoweka karibu kabisa katika milenia ya pili kabla ya Kristo. Masalia yake yanaonekana leo katika jenotaipu G, kirusi adimu ambacho kilionekana tena wakati wa janga la UKIMWI. Tena virusi vya Ulaya ya Zama za Mawe vilikuwa karibu zaidi na virusi vya sokwe na masokwe mtu wa Afrika kuliko na vile vya Ulaya ya leo.

Kisa cha mtoto wa Napoli kinafaa kutajwa hapa. Maiti iliyokaushwa ya mtoto mdogo wa karne ya 16, iliyohifadhiwa katika kanisa la San Domenico Maggiore, ilidhaniwa tangu miaka ya 1980 kuwa na ndui, kwa sababu ya vipele usoni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 haukukuta DNA ya ndui bali ya kirusi cha homa ya ini B, jenotaipu D. Kirusi hicho kilifanana mno na vya leo. Kwa wanaopima umri wa virusi kwa kuhesabu makosa yaliyokusanyika, hilo ni tatizo: ndani ya mgonjwa kirusi cha B huonekana kubadilika upesi, lakini katika karne nyingi huonekana kana kwamba hakisogei.

Kirusi cha C na chotara wa St. Petersburg

Kirusi cha C kilitambuliwa mwaka 1989 na Michael Houghton na wenzake, na mwaka 2020 Houghton alipokea Tuzo ya Nobel pamoja na Harvey Alter na Charles Rice. Kina jenotaipu nane. Ya nane iliripotiwa mwaka 2018 kwa wagonjwa wenye asili ya Punjab nchini India walioishi Kanada. Tofauti kati ya jenotaipu hufikia takriban asilimia 30 ya herufi, zaidi kuliko katika kirusi cha B. Hakuna chanjo, na sababu mojawapo ni kubadilika huko.

Historia ya binadamu imeandikwa katika mti wa ukoo wa kirusi hiki. Nchini Misri, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliendesha kampeni ya kutibu kichocho kwa sindano za dawa ya antimoni. Nia ilikuwa njema, lakini sindano na mabomba yalitumika kwa watu wengi bila kutakaswa ipasavyo. Tawi moja, 4a, ambalo lingeweza kubaki kirusi cha watu wachache, likawa la mamilioni, na Misri ikawa nchi yenye maambukizi mengi ya C kuliko nyingine duniani. Jenomu za 4a zilizokusanywa baadaye zinaonyesha ongezeko kubwa la ghafla katikati ya karne ya 20. Kirusi hakikuwa kimepata nguvu mpya, kilipewa njia.

Chotara wa C ni wachache wakilinganishwa na wa B. Seli ambayo tayari imeambukizwa C huzuia kirusi cha pili kuingia au kuzaliana, na tofauti ya asilimia 30 hufanya vipande vya jenotaipu mbili visipatane kwa urahisi. Kwa miaka mingi baada ya 1989 wengi walidhani kwamba rekombinesheni ya C haipo au haina maana.

Mwaka 2002 watafiti walioongozwa na Olga Kalinina walieleza kirusi kutoka St. Petersburg, Urusi, ambacho kila kipimo kilikiita kwa jina lake. Kilipopimwa mwanzoni mwa jenomu kilikuwa 2k. Kilipopimwa mwishoni kilikuwa 1b. Haikuwa mchanganyiko wa virusi viwili katika bomba moja la damu, bali uzi mmoja ulioungwa ndani ya jeni liitwalo NS2. Baadaye kirusi hichohicho, chenye kiungo mahali palepale, kilipatikana Ireland, Estonia, Uzbekistan, Ujerumani, Israeli na Georgia, mara nyingi kwa watu wenye uhusiano na nchi zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovyeti. Kwa kuwa kiungo ni kimoja, wote ni wazao wa tukio moja, katika seli moja, ya mtu mmoja asiyejulikana.

Makadirio ya saa ya molekuli yanaliweka tukio hilo kati ya miaka ya 1920 na ya 1950. Huo ndio wakati huduma ya kuongezea watu damu ilipopanuka katika Umoja wa Kisovyeti. Taasisi ya kuongezea damu ilifunguliwa Moscow mwaka 1926 chini ya Alexander Bogdanov, ambaye alifariki mwaka 1928 kutokana na kubadilishana damu katika jaribio alilojifanyia mwenyewe. Kupokea damu ya watu kadhaa ni njia rahisi kuliko zote ya mtu mmoja kupata koo mbili za kirusi. Baadaye sindano za madawa ya kulevya ziliendeleza kazi.

Uzito wa ugunduzi huo ulionekana Georgia. Mwezi Aprili 2015 nchi hiyo ilianzisha mpango wa kitaifa wa kutokomeza homa ya ini C, na kila mgonjwa alipimwa jenotaipu ili apewe dawa inayomfaa. Vipimo vya kawaida vilisoma mwanzo wa jenomu, kwa sababu hapo ndipo pasipobadilika sana na kwa hiyo ni rahisi kusomeka. Waliokuwa na chotara wakaandikwa jenotaipu 2. Lakini dawa hazishambulii mwanzo wa jenomu. Zinashambulia protini za NS3, NS5A na NS5B, ambazo zote ziko nyuma ya kiungo, katika sehemu ya 1b. Mgonjwa alipewa sofosbuviri na ribavirini, tiba iliyofaa kwa jenotaipu 2, ilhali protini iliyolengwa na sofosbuviri ilikuwa ya jenotaipu 1, ambayo huhitaji tiba nzito zaidi. Watafiti walipowapima upya watu wa Georgia walioandikwa jenotaipu 2, walikuta kwamba wengi wao, zaidi ya nusu, walikuwa na chotara. Hao walishindwa kupona mara nyingi zaidi kuliko wenye jenotaipu 2 halisi.

Namna chotara anavyotambuliwa

Njia ya msingi si ngumu kuielewa. Mtafiti huichukua jenomu nzima na kuilinganisha na jenomu za koo zinazojulikana, dirisha kwa dirisha: kwanza herufi chache za mwanzo, kisha dirisha linasogezwa mbele kidogo, na kuendelea hadi mwisho. Kirusi cha ukoo mmoja hubaki karibu na ukoo wake njia nzima. Kwa chotara, mistari miwili ya mchoro hukatana mahali pa kiungo. Uthibitisho wa pili ni kuchora miti miwili ya ukoo, mmoja kwa sehemu ya mbele na mwingine kwa ya nyuma; chotara hukaa tawi hili katika mti wa kwanza na tawi lile katika wa pili.

Tahadhari kubwa ni chotara wa uongo. Damu yenye koo mbili ikikuzwa kwa njia ya PCR, kimeng'enya cha maabara nacho kinaweza kuruka kutoka uzi mmoja hadi mwingine na kutengeneza chotara ambaye hakuwahi kuwepo ndani ya mgonjwa. Zaidi ya hayo, mtu anayeunganisha vipande vifupi vilivyosomwa mbalimbali anaweza kushona virusi viwili akidhani ni kimoja. Kwa hiyo chotara hukubalika pale uzi unapovukwa kwa kipande kimoja kinachopita juu ya kiungo, na hasa anapopatikana kwa wagonjwa wengi wasiohusiana na maabara moja.

Aina A, D na E

Katika kirusi cha A chotara wa matawi IA na IB wameonekana, lakini koti la kirusi hiki halibadiliki kiasi cha kukwepa kingamwili. Chanjo moja hufaa kote duniani, na rekombinesheni yake haijaleta shida kwa matibabu.

Kirusi cha D, kilichogunduliwa na Mario Rizzetto mjini Torino mwaka 1977, kina duara la RNA lenye herufi 1,700 hivi, dogo kuliko la kirusi chochote kingine cha binadamu. Kina jenotaipu nane, na ya 5 hadi ya 8 zilitambuliwa kwa watu wenye asili ya Afrika. Chotara wake hupatikana kwa wagonjwa wenye jenotaipu mbili. Tangu 2018 jamaa zake wamepatikana kwa bata, nyoka na panya, ambamo hapakuwa na kirusi cha B, na kwa hiyo historia ya kuazima koti ni ndefu na ya ajabu kuliko ilivyofikiriwa.

Kirusi cha E kina kisa ambacho hakina mfano katika vingine. Jenotaipu 1 na 2 hukaa kwa binadamu na huenezwa kwa maji machafu. 3 na 4 hukaa kwa nguruwe wa kufugwa na wa porini na kumfikia binadamu kwa nyama isiyoiva. Kwa mgonjwa mmoja wa Cornwall, Uingereza, aliyekuwa na VVU na ambaye mwili wake ulishindwa kukiondoa kirusi cha E cha jenotaipu 3, vilipatikana virusi vilivyokuwa vimemeza kipande cha jeni la binadamu mwenyewe, jeni la protini ya ribosomu iitwayo S17. Polimerasi iliruka, lakini safari hii haikutua kwenye uzi wa kirusi kingine; ilitua kwenye RNA ya seli. Kirusi chenye kipande hicho kilikua vizuri maabara, hata katika seli za wanyama mbalimbali, jambo ambalo kirusi cha E hukataa kwa kawaida.

Dawa za jenotaipu zote na mipaka yake

Kuanzia 2016 zilipatikana dawa za C zinazofaa jenotaipu zote, kama mchanganyiko wa sofosbuviri na velpatasviri. Kwa dawa hizo haja ya kupima jenotaipu kwanza imepungua sana, na chotara wa 2k/1b hutibika kama wengine. Hiyo ni nafuu kubwa kwa nchi ambazo kipimo cha jenotaipu ni ghali kuliko uwezo wa mgonjwa.

Lakini dawa nyingi zilijaribiwa kwanza Ulaya na Amerika Kaskazini, juu ya matawi ya virusi ya huko, ilhali Afrika ya Kati na Mashariki ina matawi mengi ya jenotaipu 4 ambayo ni nadra kwingine. Nchini Rwanda watu 300 walitibiwa katika utafiti kwa ledipasviri na sofosbuviri, na asilimia 87 walipona. Waliokuwa na tawi la 4r walipona kwa asilimia 56 tu, kwa sababu tawi hilo kwa asili yake lina mabadiliko katika protini ya NS5A, palepale ledipasviri inaposhika. Hayakuletwa na dawa, yalikuwepo tangu zamani. Baadhi ya walioshindwa kupona walipewa baadaye mchanganyiko wa dawa tatu, sofosbuviri, velpatasviri na voksilapreviri, na karibu wote wakapona.